Karakana Iliyomo Kiganjani: Elimu ya Kuchonga Chuma Inayopatikana Bure Mtandaoni

Wazazi wengi siku hizi hulalamika kwamba vijana wao hawainui macho kutoka katika simu, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini mzazi akijongea taratibu na kuchungulia, hutokea akakuta jambo asilolitarajia. Si mchezo wala muziki. Ni kipande cha chuma kinachozunguka, kisu kikikimega kidogo kidogo, na nyuzi za chuma zinazomeremeta zikijikunja na kuanguka chini. Maneno ni machache mno. Kijana ataitazama video hiyo nusu saa nzima bila kuchoka, na mzazi atauliza: "Hicho nacho kina faida gani?"

Swali hilo ni la haki, nasi tumeona vyema kulijibu katika ukurasa huu kwa urefu kidogo. Jibu letu ni kwamba ndani ya simu ile imo kazi, tena kazi ya heshima, ambayo kwa miaka mingi haikufundishwa ila kwa aliyebahatika kupata fundi wa kumpokea au ada ya chuo. Leo sehemu kubwa ya elimu yake imewekwa wazi, na hakuna anayelipishwa kiingilio. Ila ina mpangilio wake, na mwenye kuuruka mpangilio huo hupoteza fedha, na pengine hupoteza kidole.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Kukereza ni kukizungusha kipande cha chuma huku kisu kimetulia. Ndivyo zinavyopatikana ekseli, bushi, parafujo na kila kitu cha mviringo. Milingi ni kinyume chake: chuma kimefungwa imara mezani, kisu chenye meno ndicho kinachozunguka, na meza husogea chini yake, ndivyo zinavyochongwa nyuso bapa, mifereji na meno ya gia. Neno kereza si geni kwetu. Wakereza wa mwambao walikuwa wakikereza miguu ya vitanda kabla chuma hakijafika katika mashine zao, na keekee ya upinde ilitoboa mbao za majahazi kabla ya umeme. Kinachoonekana katika simu ya kijana ni ndugu wa kazi hiyo.

Nchi za Magharibi zina desturi ya zamani ya watu wanaochonga chuma nyumbani kwa mapenzi tu. Mwalimu au karani hurudi kutoka kazini, akala chakula chake, kisha akaingia katika banda la nyuma ya nyumba kuunda injini ya mvuke isiyozidi ukubwa wa mkate. Jijini London mwaka 1898, Percival Marshall aliwaanzishia watu wa namna hiyo jarida lililokuja kujulikana kwa jina la Model Engineer, na limedumu zaidi ya karne moja. Wamarekani walipata la kwao, The Home Shop Machinist, mwaka 1982, likitolewa katika mji mdogo wa Traverse City, jimbo la Michigan. Msomaji auweke mji huo akilini, maana tutaurudia. Majarida hayo yalibeba michoro, vipimo na maonyo ya waliotangulia. Aliyekuwa mbali nayo hakuwa na la kufanya. Mtandao ndio uliobadilisha hali hiyo.

Katika walimu wa leo, mmoja tunapenda kumtaja mapema, kwa sababu kisa chake kinagusa jambo ambalo wasomaji wetu wanaliishi kila mwaka. Ni Chris Budiselic wa Australia, mwenye chaneli ya video iitwayo Clickspring. Fundi huyu alijitwika kazi ya kuunda upya, hatua kwa hatua mbele ya kamera, chombo kilichoopolewa baharini mwaka 1901 karibu na kisiwa cha Antikythera huko Ugiriki. Wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta sifongo walikuwa wameigundua meli iliyozama tangu zama za kale, na miongoni mwa vitu vilivyotolewa humo lilikuwamo donge la shaba lililoliwa na chumvi. Ndani yake mna gia. Vipande vilivyosalia vina gia 30, na chombo kizima kina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kilikokotoa mwendo wa jua na mwezi, na kilitabiri kupatwa kwake.

Budiselic hakutosheka kukichonga kwa mashine za leo. Alijiuliza pia fundi wa kale alikuwa na nini mkononi, akaanza kutengeneza tupa zake mwenyewe, keekee zake, na njia za kupata uso bapa bila mashine. Akafika mahali pa kutengeneza pete ya kalenda, ambayo ina safu ya matundu madogo chini yake. Fundi anayetaka kutoboa hawezi kukisia. Lazima ajue ni matundu mangapi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni 365, kwa hesabu ya mwaka wa jua wa Wamisri wa kale. Lakini pete haikusalia nzima, ni kipande chake tu. Yeye na wenzake wakazipima picha za eksirei za kipande hicho, tundu kwa tundu, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo yao: matundu ya pete nzima yalikuwa karibu na 354.

Msomaji wetu hahitaji kuelezwa namba hiyo ni ya nini. Ni siku za miezi kumi na miwili ya mwandamo, sita ya siku 30 na sita ya siku 29, na ndiyo sababu Ramadhani husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2024 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Graham Woan na Joseph Bayley, wakazichukua data zilezile na kuzichambua kwa hesabu zinazotumika kuchunguza mawimbi ya mvutano yatokayo angani. Nao wakaona kwamba 354 au 355 ina uwezekano mkubwa mno kuliko 365. Zaidi ya hapo, walikuta kwamba matundu hayo yanakengeuka kutoka katika duara lake kwa wastani wa milimita 0.028 tu. Huo ni wembamba unaopungua unywele wa binadamu, na ulipatikana kwa mkono wa fundi asiye na umeme. Si wataalamu wote waliokubali hoja ya kalenda ya mwezi, na mjadala unaendelea. Lakini data zilizoamsha mjadala huo mpya zilitoka kwa mtu mwenye karakana yake na kamera yake.

Na kwa kuwa tumetaja gia na mwezi, tusipite bila kusema kwamba jijini Oxford, katika makumbusho ya historia ya sayansi, kimehifadhiwa chombo cha unajimu, yaani astrolabu, kilichotengenezwa na Muhammad bin Abi Bakr wa Isfahan mwaka 618 Hijria, sawa na 1221 au 1222 Miladia. Nyuma yake mna gia zinazoonyesha umri na umbo la mwezi, kwa namna inayofanana na ile aliyoieleza Al-Biruni takriban karne mbili kabla yake. Kijana anayetazama gia zikichongwa katika simu hatazami kitu kisichokuwa chetu.

Sasa, mtu aanzie wapi? Sisi tungemwelekeza kijana katika vitabu kabla ya video, japokuwa yeye mwenyewe hatapenda kusikia hivyo. Kampuni ya South Bend ya jimbo la Indiana, iliyokuwa ikiunda mashine za kukereza, ilichapisha tena na tena kijitabu kiitwacho How to Run a Lathe kwa ajili ya wanafunzi na wanunuzi wake. Kinaeleza, kwa picha nyingi na maneno machache, jinsi ya kunoa kisu, kukiweka kimo sawa na kitovu cha kazi, kukata hesi na kupima. Kitabu kikubwa cha marejeo cha fani hiyo, Machinery's Handbook, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1914. Kwa sheria ya Marekani, kitabu kilichochapishwa huko zaidi ya miaka 95 iliyopita ni mali ya umma, hivyo matoleo ya mwanzo ya vitabu hivyo yanapatikana katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive bila malipo na bila dhambi ya kuiba jasho la mtu. Chuma hakijabadilika tabia tangu wakati huo. Tena kitabu hupakuliwa mara moja, kikasomwa hata siku ambayo bando limekwisha.

Baada ya kitabu, mwalimu. Yuko mzee mmoja wa jimbo la Illinois, mwalimu mstaafu wa karakana za shule, ajulikanaye mtandaoni kwa jina la mrpete222. Anafundisha kama alivyofundisha darasani: polepole, kwa kurudia, bila muziki wa kusisimua. Vijana humwona anachosha. Sisi tunamwona ndiye hasa. Na kwa mabinti wenye hamu ya kazi hii yuko Quinn Dunki, mwanamke aliyetoka katika uandishi wa programu za kompyuta, ambaye chaneli yake ya Blondihacks ina masomo yaliyopangwa tangu siku ya kwanza ya kuiwasha mashine ya kukereza, na mengine ya milingi. Faida yake ni kwamba hadhanii kuwa mtazamaji anajua chochote.

Asiye na mashine kabisa naye hakuachwa. David Gingery wa Springfield, jimbo la Missouri, aliyefariki mwaka 2004, aliandika mfululizo wa vitabu vinavyoanzia kwenye tanuri ya makaa. Mwanafunzi husubu alumini chakavu katika mchanga, akapata viungo vya mashine ya kukereza. Kisha mashine hiyo, ingali nusu, hutumika kujikamilisha yenyewe na kuzaa nyingine: ya kuranda chuma, ya milingi, ya kutobolea. Vitabu hivyo vingali vinauzwa na vina haki zake, lakini watu wengi walioufuata mradi huo wameonyesha kazi zao bure kwa video. Hapa kwetu wazo hili si la ajabu hata kidogo. Wanaosubu masufuria kwa alumini chakavu, Tanzania na Kenya, tayari wanayo nusu ya elimu ya Gingery mikononi mwao. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na jiko la mkaa lenye upepo mzuri linafika huko.

Somo ambalo video za kupendeza hulipita haraka ni kupima, nalo ndilo lenye kumtenganisha fundi na mchezaji. Chukua jambo linaloonekana dogo: uso bapa unapatikanaje kwa mara ya kwanza, kama hakuna uso mwingine bapa wa kuupimia? Jibu ni mabamba matatu, njia iliyoenezwa na mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth katika karne ya kumi na tisa. Ukichukua mawili ukayasugua pamoja mpaka yakalingana, hujapata kitu, kwa kuwa moja linaweza kuwa limebonyea na lingine limevimba, nayo yakaoana kama bakuli na kifuniko chake. Lete la tatu. La kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza: paka rangi nyembamba ya buluu, gusisha, tazama ilipobaki rangi, kwangua hapo tu, rudia. Mabamba matatu hayawezi kuoana yote kwa zamu ila yakiwa bapa yote. Hakuna kompyuta humo, wala fedha nyingi. Kuna majuma ya subira. Mtu aliyeifanya kazi hiyo mara moja hatadanganywa tena na kipimo.

Kuna na mtego wa inchi. Walimu wengi wa mtandaoni ni Wamarekani, nao hupima kwa inchi na kwa sehemu ya elfu moja ya inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, na elfu moja yake ni milimita 0.0254. Kijana anayesikia "tano" pasipo kujua ni tano za nini ataharibu kazi. Katika mashine za kompyuta jambo hili huwa kubwa zaidi: amri moja, G20, huiambia mashine kwamba namba zote ni inchi, na nyingine, G21, kwamba ni milimita. Atakayezichanganya ataiona meza ikienda mara 25 ya pale alipokusudia, au kisu kikizama ndani ya jiliwa.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye kompyuta, ambayo ndiyo hasa inayowavuta vijana. Historia yake inaturudisha Traverse City. Katika mji huohuo, miaka ya 1940, John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, akaona kwamba umbo lake linaweza kuelezwa kwa orodha ndefu ya namba, na kwamba mashine ikiweza kuzifuata namba hizo, kazi itakuwa sahihi kuliko jicho la mtu. Jeshi la Anga la Marekani lilitoa fedha mwaka 1949, chuo cha MIT kikaingia, na mwaka 1952 ikaonyeshwa hadharani mashine ya milingi iliyoendeshwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Ilihitaji kabati zima la vifaa vya elektroniki. Kwa miongo mingi baada ya hapo mashine hizo, ambazo leo huitwa CNC, zilibaki mikononi mwa viwanda vikubwa.

Kilichozileta bandani ni ukarimu wa watu waliotoa kazi zao bure. Taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilitengeneza programu ya kuongozea mashine, na kwa kuwa kazi za watumishi wa serikali hiyo hazina hakimiliki, watu wa kujitolea waliichukua na kuiendeleza. Tangu mwaka 2011 inaitwa LinuxCNC, nayo huendesha mashine nzito kwa kompyuta ya kawaida. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norwei akatoa nyingine, Grbl, ndogo kiasi cha kuingia katika kibodi cha elektroniki cha Arduino chenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Na FreeCAD, ambayo imekuwa ikijengwa tangu mwaka 2002, humwezesha mtu kuchora kitu katika pande zake tatu na kukigeuza kuwa amri za kukatia. Zote tatu ni bure. Kijana mwenye kompyuta kuukuu anaweza kujifunza kuchora na kuandika amri leo hii, bila mashine yoyote, na kuutazama mwendo wa kisu katika skrini.

Amri zenyewe si mafumbo. Mashine ina njia tatu: X ni kushoto na kulia, Y ni mbele na nyuma, Z ni juu na chini. G0 maana yake sogea upesi bila kukata. G1 ni kata kwa mstari ulionyooka. G2 na G3 ni kata kwa tao. M3 huwasha mzunguko wa kisu na M5 huuzima. Kompyuta huzitafsiri amri hizo kuwa mapigo madogo ya umeme, na mota hupiga hatua moja kwa kila pigo. Mota za kawaida za mashine ndogo huwa na hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ikiwa parafujo inayosukuma meza husonga milimita 5 kwa mzunguko, basi kila hatua ni milimita 0.025.

Kijana akisikia hesabu hiyo hudhani usahihi umekwisha kupatikana. Haujapatikana. Katika mashine nyingi za bei nafuu, kompyuta hutuma mapigo lakini haina njia ya kujua kama meza imekwenda kweli. Kisu kikikwama, mota ikapoteza hatua kumi, kompyuta huendelea kwa utulivu kabisa, ikiamini iko pale isipokuwapo, na kazi yote iliyobaki huenda upande. Tena parafujo kuukuu huchezacheza ndani ya nati yake, na kila meza inapogeuza mwelekeo, hatua kadhaa huliwa na mchezo huo kabla kitu chochote hakijasogea. Fundi aliyezungusha mpini kwa mkono wake anaujua mchezo huo na huuondoa kabla ya kukata. Aliyeanzia kwenye kompyuta hajui hata kwamba upo. Kwa sababu hiyo tunasema kijana azoee kwanza mashine ya mkono, au walau tupa na jiliwa, ndipo aifikie CNC.

Suala la visu ni hivyohivyo. Programu itamuuliza kijana: kisu kizunguke mara ngapi kwa dakika? Haitamjibu kwa usahihi kama hajui anakata nini. Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa chuma laini na kisu cha feleji ngumu ambayo mafundi huiita HSS, ukingo wa kisu usafiri kiasi cha mita 25 kwa dakika. Zidisha 25 kwa 1,000, gawanya kwa 3.14, kisha gawanya kwa kipenyo cha kisu kwa milimita. Kisu cha milimita 10 kitazunguka karibu mara 800 kwa dakika. Keekee ya milimita 3 karibu mara 2,650. Ya milimita 20 karibu mara 400. Kisha mwendo wa meza: kisu kile cha milimita 10 kikiwa na meno manne, na kila jino likipewa milimita 0.05 ya kumega, ni 800 mara 4 mara 0.05, yaani milimita 160 kwa dakika. Ukizungusha upesi mno kisu huungua na kugeuka buluu. Ukisogeza polepole mno jino halikati, husugua, nako kusugua hukigugumiza kisu upesi. Visu vya kabaidi vinastahimili kasi kubwa zaidi, lakini huvunjika kama kioo katika mashine inayotetemeka. Video nyingi humwonyesha fundi mwenye mashine ya tani kadhaa akimega chuma kama jibini. Kijana akaiga katika mashine anayoweza kuibeba mikononi. Mashine hizo nyepesi zinafaa mbao na alumini. Chuma cha pua zikikabidhiwa, hulia tu.

Mzazi ajue pia kwamba baadhi ya watu wa video hupewa mashine na visu na wauzaji ili wavisifu. Si haramu kwao kufanya biashara, ila si ushauri. Na bei ya mashine si bei ya karakana: vipimo, visu, jiliwa na vishikio huweza kumeza fedha nyingine kama zile za mashine yenyewe. Tumeona ni bora familia isinunue kitu mpaka kijana aweze kueleza, kwa maneno yake na kwa karatasi, atatengeneza nini nacho.

Lililobaki ni zito kuliko fedha. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwanafunzi wa kike aliyekuwa akifanya kazi peke yake usiku katika karakana ya chuo alifariki baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukereza. Alikuwa na elimu na alikuwa katika chuo mashuhuri duniani. Mashine inayozunguka haimpi mtu nafasi ya kuvuta mkono. Kinachonaswa huingia chote, na mwenye nacho hufuata.

Kwa hiyo kanzu haina nafasi mbele ya mashine hiyo, wala joho, wala mikono mipana ya nguo, wala mtandio unaoning'inia. Binti anaweza kuhifadhi sitara yake kamili kwa ushungi wa kitambaa kinachonyumbuka, uliobana kichwa, ncha zake zikaingizwa ndani ya koti la kazi lililofungwa vifungo hadi shingoni na kubana kwenye viwiko vya mikono. Pete na saa zivuliwe. Glavu, ambazo watu hudhani ni kinga, ndizo hatari zaidi hapo, kwa kuwa hunaswa na kuuvuta mkono. Miwani ivaliwe daima. Ufunguo wa kukazia taya za mashine usiachwe mahali pake hata kwa kufumba na kufumbua. Mashine ikiwashwa huruka kama jiwe la kombeo. Nyuzi za chuma ziondolewe kwa brashi mashine ikiwa imesimama, si kwa vidole. Kwa wanaosubu, tone la maji ndani ya kalibu lenye unyevu hugeuka mvuke ghafla na kurusha chuma kilichoyeyuka usoni. Na mabati yasitiwe motoni kamwe, kwani moshi wa zinki yake ni sumu. Na asiwepo mtu anayefanya kazi hii peke yake ndani ya nyumba iliyolala.

Hatudhani kwamba simu itachukua nafasi ya fundi. Video haiwezi kumshika kijana kiwiko na kumwambia "legeza". Wenye karakana za kukereza wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kamukunji na Gikomba jijini Nairobi, na walimu wa vyuo vya VETA, wanajua mambo ambayo hayajawekwa mtandaoni, hasa jinsi ya kufanya kazi sahihi kwa mashine iliyochoka. Kijana aliyekwisha kusoma na kutazama atapokelewa vizuri zaidi kuliko asiyejua kisu kinanolewaje, na maswali yake yatakuwa ya maana. Aende na daftari. Elimu hii ya mtandaoni karibu yote ni kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili ya vifaa vingi yamo vinywani mwa mafundi tu, wala hayajaandikwa popote. Akiyaandika, mdogo wake atayakuta.

Kwa kazi ya kwanza, wasiokuwa na mashine waanze na mchemraba wa chuma laini wa milimita 25, uliokatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa tupa hadi pande zote sita ziwe pembe mraba na zitofautiane kwa chini ya milimita 0.1. Vifaa vyake ni jiliwa, tupa mbili, pembe mraba na kalipa. Ni kazi ya majuma mawili au matatu ya jioni, na wengi huuharibu mchemraba wa kwanza na wa pili. Wenye kupata nafasi kwenye mashine ya kukereza watengeneze nyundo ndogo yenye kichwa cha shaba ya njano na mpini wa chuma: ndani yake mna kukereza kwa unyoofu, kutoboa, na kukata hesi ya ndani na ya nje, na ikikamilika hutumika karakanani kila siku kugongea kazi bila kuichubua.